Fundi Aliyekataa Kupuliza

Asubuhi za hospitali, gari liliwashwa kabla ya chai kuiva. Lilikuwa gari kuukuu, lililoachwa na marehemu baba, na lilitaka kubembelezwa. Fundi alizungusha ufunguo, gari likakohoa. Akazungusha tena, likakubali.

"Limerithi tabia za mwenyewe," mama yake alisema, akijivuta kwenye kiti cha mbele. "Baba yako naye asubuhi alikuwa hivyo hivyo."

Kiti cha mbele kilikuwa cha mama, na hakuna aliyethubutu kukigombea. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, pumzi inakuwa ya shida. Kwa hiyo hakukosa. Mwanawe alimpeleka asubuhi, akaenda kazini, kisha akamfuata mchana. Akitoka kwenye mashine mama hakuwa na nguvu hata ya kufunga mkanda. Mwanawe alimfunga, naye akasinzia mpaka nyumbani.

Kazini fundi huyu aliitwa Vanishi. Aling'arisha mbao katika karakana ya samani. Kutwa nzima alishika kitambaa kilicholowa vanishi na spiriti, ile yenye kileo, akasugua kabati mpaka lionyeshe uso wa mtu. Harufu ile ilimganda. Ilikuwa kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kulalia. Pombe yenyewe hakuwahi kuionja.

"Wenzangu wameolewa na walevi," mkewe alimtania. "Mimi nimeolewa na chupa, tena haijafunguliwa."

Pale karakana kulikuwa na fundi mwingine aliyeitwa Msasa, kwa sababu ya kazi yake ya kupiga msasa, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Msasa aliwapa wenzake somo.

"Sisi watu wa spiriti tusipulize kile kipima ulevi cha trafiki," alisema. "Spiriti imeshaingia kwenye damu zetu. Ukipuliza tu, namba inapanda mpaka basi. Umekwisha."

"Sasa ukisimamishwa?" Vanishi aliuliza.

"Unakataa! Usipopuliza, hawana ushahidi. Watakupeleka mahakamani na nini?"

Mafundi wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemuuliza Msasa amelitoa wapi jambo hilo. Alilisema kwa sauti kubwa, na kwa watu wengi sauti kubwa inatosha. Vanishi alilitia kichwani, likakaa huko likimsubiri.

Siku yenyewe ikafika. Vanishi alikuwa amejifungia kwenye chumba cha vanishi na kabati kubwa la mteja mwenye haraka. Alipotazama saa, muda wa kumfuata mama ulikuwa umeshafika. Akaifuta mikono mbio mbio, akaingia garini na nguo zile zile za kazi.

Kwenye mzunguko wa barabara, trafiki alimpungia mkono asimame. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliinama dirishani. Pua yake ikacheza.

"Dereva, habari za kazi? Leo tunapima kila gari. Puliza hapa, kwa nguvu, mpaka nikwambie basi."

Maneno ya Msasa yakamrudia Vanishi yote, bila kupungua hata moja.

"Sipulizi, afande."

"Una ugonjwa wa kifua? Pumu?"

"Sina."

"Kuna kitu unataka kunieleza?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake. Angesema neno moja tu, spiriti. Lakini aliogopa kuitaja, akaona kwamba kuitaja ni kujipalia makaa mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Basi nisikilize vizuri," trafiki alisema. "Kukataa kupuliza ni kosa, hata kama hujanywa tone. Unaelewa? Nakuomba tena."

Vanishi akafanya ujanja. Akakiweka kifaa mdomoni, akavimbisha mashavu, akabana pumzi. Kifaa kikabaki kimya.

"Huko ni kukataa pia," trafiki alisema. Hakuwa amekasirika. Nadhani alikuwa ameshaona mashavu mengi yakivimba pale barabarani. "Shuka, twende kituoni."

Kituoni wakamwomba tena, na tena akakataa. Wakaichukua leseni yake, wakaandika maelezo, wakampa tarehe ya kwenda mahakamani. Gari likalala kituoni mpaka kesho yake.

Muda wote huo mama alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akitazama mlango. Wagonjwa wenzake walichukuliwa mmoja mmoja. Muuguzi alipoona jioni inaingia, alimpigia simu mkewe Vanishi, naye akaja na teksi. Mama alikuwa amelegea, midomo imekauka. Hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu yuko hai?"

Vanishi alipofika nyumbani na kuambiwa swali hilo, alikaa chini akalia.

Ghorofa ya chini yao alikaa mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Mkewe Vanishi alikwenda kumgongea. Karani alipanda ngazi na kanga yake begani, akasikiliza kisa chote bila kukatiza.

"Lakini mume wangu hanywi!" mke alisema. "Kila mtu anajua hanywi!"

"Najua, mwanangu," Karani alisema. "Ila hakushtakiwa kwa kunywa. Ameshtakiwa kwa kukataa kupimwa."

"Wana ushahidi gani?" Vanishi aliuliza.

"Ushahidi wa nini tena? Uliombwa, ukakataa. Kosa limekamilika hapo hapo. Fikiri kidogo. Kama kukataa kungekuwa bure, nani angepuliza? Mlevi angekuwa wa kwanza kufunga mdomo. Waliotunga sheria waliliona hilo. Wakasema anayekataa bila sababu ya msingi ana kosa, na adhabu yake ni sawa na ya mlevi. Kwingine ni kali zaidi. Kila nchi ina maneno yake, lakini msingi ndio huo."

Vanishi alinywea. "Na spiriti? Ile niliyovuta siku nzima?"

"Ungemwambia yule trafiki! 'Afande, mimi ni fundi, nimetoka kwenye spiriti sasa hivi.' Basi. Kifaa kinataka hewa ya ndani ya mapafu. Harufu ya mdomoni na puani hupungua upesi ukikaa penye upepo. Wangekusubirisha kidogo kando ya barabara, halafu wangekupima. Namba ingekutia wasiwasi, ungeomba kwa adabu ukapimwe damu. Daktari hadanganywi na harufu ya shati."

"Na mtu mwenye pumu kweli?"

"Anasema pale pale, na atapimwa kwa njia nyingine. Asingoje kuja kumwambia hakimu. Wewe uliulizwa kuhusu kifua, ukasema huna neno. Mlango huo umeufunga mwenyewe."

Mama alikuwa amelala kwenye kochi, macho ameyafumba. Kumbe alikuwa anasikia. "Huyo Msasa," alisema polepole, "ana gari?"

"Hana, mama."

"Ana leseni?"

"Anayo ya pikipiki."

"Aha," mama alisema, akageukia ukutani.

Karani alimpa Vanishi maagizo kabla ya kushuka. Tarehe ya mahakama asiikwepe, maana anayekwepa hutafutwa kwa hati ya kukamatwa. Aende mapema kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, aonane na wakili. Na aseme kweli, hata kama inamtia aibu.

Vanishi alifanya hivyo. Wakili alimsikiliza, akamwambia kwamba hana utetezi wa maana, ila ana tabia njema, nayo itamsaidia. Mahakamani hakimu alimuuliza maswali machache tu.

"Ulimweleza afisa kuhusu kazi yako na spiriti?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, mheshimiwa. Niliambiwa nisipopuliza hamtakuwa na ushahidi."

Hakimu alivua miwani. "Uliambiwa na nani?"

"Na mwenzangu kazini."

"Sheria haisomwi kazini wakati wa chakula," hakimu alisema. Watu wakacheka. Vanishi hakucheka. "Kuogopa si sababu ya msingi. Umekiri, na hujawahi kuwa na kosa, kwa hiyo nimekupunguzia. Utalipa faini, na leseni nakufungia miezi tisa. Ukikutwa ukiendesha ndani ya muda huo, usitegemee faini tena. Utakwenda jela."

Habari zilitembea upesi kuliko gari. Mtaani wakasema fundi kafungiwa leseni kwa ulevi. Mtu ambaye hakuwahi kunusa bilauri ya pombe akawa mlevi midomoni mwa watu. Angesimama njiani amweleze nani?

Msasa alikuja kumpa pole. "Mimi nilisikia kwa watu," alisema, macho chini.

"Watu gani?"

"Watu tu."

Asubuhi ya hospitali iliyofuata, Vanishi alinyoosha mkono kuchukua ufunguo ukutani. Mkewe akauwahi.

"Ni hapo tu," Vanishi alisema. "Nani ataniona?"

"Hapo tu ndipo ulipokamatwa," mkewe alisema. "Mama anahitaji mtoto aliye nyumbani. Aliye jela hatamfaa."

Alisema kweli, na Vanishi akatoka kutafuta teksi. Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya tabu. Siku nyingine walipata teksi, siku nyingine Karani aliwapeleka akienda kazini. Siku moja walichelewa, mama akakuta kitanda chake cha mashine kimepewa mwingine, akarudi nyumbani na miguu iliyovimba. Usiku ule mkewe Vanishi alikata shauri. Akajiandikisha shule ya udereva. Alizima injini mara nyingi, akapanda ukingo wa barabara mara moja, akaanguka mtihani wa kwanza, akafaulu wa pili.

Na karakana nayo ikabadilika. Vanishi alisimama wakati wa chakula, akawaeleza wenzake kila kitu alichofundishwa na Karani. Hakupaza sauti. Walimsikiliza, maana walikuwa wanamwona akija kazini kwa miguu. Bosi akafungua madirisha ya chumba cha vanishi yaliyokuwa yamepigwa misumari, akaagiza mtu apunge upepo nje kwanza kabla ya kushika usukani. Haikupita muda, Msasa akasimamishwa na pikipiki yake. Akasema yeye ni fundi, ametoka kwenye spiriti. Akasubirishwa kidogo, akapuliza, akaruhusiwa kwenda. Alirudi akilisimulia kama yeye ndiye aliyeligundua.

Mwezi wa nane wa adhabu, walikuwa wakirudi hospitali. Mkewe Vanishi alishika usukani. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Vanishi alikuwa nyuma, magoti yamegusa kidevu. Kwenye mzunguko wa barabara, mkono ukapunga.

Alikuwa trafiki yule yule. Aliinama dirishani, akamwona Vanishi nyuma, akamwitikia kwa kichwa.

"Dereva, habari? Puliza hapa, mpaka nikwambie basi."

Mkewe Vanishi akavuta pumzi, akapuliza. Kifaa kikalia kidogo. Trafiki akakitazama.

"Sifuri. Safari njema."

Mama, ambaye siku zote akitoka hospitali husinzia, alikuwa macho. "Hebu na mimi nipulize."

"Mama, wewe huendeshi," trafiki alisema akicheka.

"Nataka kujua uzito wake tu."

Trafiki akawapungia mkono waendelee. Gari likaondoka. Walipovuka taa za barabarani, mama akageuka polepole, akamtazama mwanawe kule nyuma.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Pumzi moja?"

"Pumzi moja."

Vanishi aliona aibu kuliko siku ile mahakamani. Akanyoosha mkono kutoka nyuma, akavuta mkanda wa mama uliokuwa umelegea, akaukaza vizuri.

"Haya," mama alisema, akafumba macho. "Mwanangu yuko hai."