Siku Gati Alipofichwa

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Sabiha alikuwa ameshafika darasani. Alifuta ubao, akapanga madawati yaliyosukumwa jana, kisha akaenda ofisini kuchukua daftari la mahudhurio. Alikuwa kiongozi wa Darasa la Nne katika shule moja ya Makoko, kando ya mji wa Musoma, na kazi hiyo aliipenda kuliko mchezo wowote. Majina hamsini na mawili aliyajua yote kwa kichwa.

Mwalimu wao, Madam Nyangi, hakuwa na makelele, lakini hakuwa na mzaha na kazi. Kila siku baada ya vipindi alibaki na watoto wanaosoma kwa shida. Mwaka ule shule iliingizwa kwenye mpango mpya. Mwezi wa kwanza walikuja wapimaji, wakampima kila mtoto kusoma, wakaahidi kurudi mwezi wa kumi na moja. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wangefanya vizuri angepewa posho juu ya mshahara wake. Zaidi ya hapo watoto hawakuelezwa kitu, ila Hezron, aliyekaa dawati moja na Sabiha, alikuwa na masikio mazuri kila alipopeleka maji ofisini.

"Madam akipata hiyo posho anapaua nyumba yake," alisema siku moja kabla ya wapimaji kurudi. "Kuta zimeshafika kwenye lenta. Bado bati tu."

"Atapata," Sabiha akajibu. "Mimi nitasoma bila kukwama."

"Wewe sawa. Na Gati je? Yule atatushushia wastani."

Wastani waliujua wote. Kila baada ya mitihani, wastani wa kila darasa ulibandikwa mlangoni mwa ofisi, na darasa la mwisho lilitaniwa wiki nzima. Gati alikuwa amehamia mwanzoni mwa mwaka kutoka Butiama, akawa anaishi na shangazi yake, Boke, aliyeanika dagaa ufukweni. Kwao walizungumza Kizanaki, na Kiswahili cha kitabuni kilimpa taabu. Alisoma kwa kufuata kila neno kwa kidole, polepole, na wenzake walimcheka.

Wakati wa mapumziko Sabiha alimfuata nyuma ya darasa.

"Gati, kesho usije."

"Kwa nini? Si ndiyo wanakuja wale wageni?"

"Ndiyo maana. Ukisoma mbele yao utashusha wastani, halafu madam atakosa posho yake. Unataka akose?"

Gati alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi nasomaga vizuri nikiwa na madam peke yetu."

"Kesho hutakuwa naye peke yenu. Mwambie shangazi kuwa hatusomi. Siku moja tu."

Gati aliitikia kwa kichwa. Aliyesema alikuwa kiongozi wa darasa.

Kesho yake, Ijumaa, wapimaji wawili waliweka meza barazani wakaanza kuita majina. Mtoto alitoka, akasoma, akarudi. Sabiha alisoma hadithi yake mpaka nukta ya mwisho, akarudi kwenye dawati akitabasamu. Baadaye likaitwa jina la Gati. Hakutoka mtu.

"Kiongozi, Gati yuko wapi?" aliuliza Madam Nyangi.

"Anaumwa, madam. Homa."

Maneno yalimtoka kirahisi mno, hata yeye mwenyewe akaogopa.

Madam aliweka kalamu chini. "Juzi jioni alinisomea aya nzima, nami sikumsaidia hata neno moja. Alikuwa ananiuliza watakuja saa ngapi." Akasimama mlangoni kuzungumza na mpimaji mkuu, Bwana Luhende, aliyekuwa pale barazani.

"Tunaondoka saa saba, Mwalimu," alisema Luhende. "Asipofika, tutaandika hakupimwa. Hakuna siku nyingine."

"Basi ngoja niende kwao. Kama ni homa kweli, nimpeleke zahanati."

Sabiha aliwaza yatakayofuata. Madam angefika ufukweni, angemkuta Gati mzima. Na hata kama asingeenda, Gati angeandikwa kwamba hakupimwa, baada ya jioni zote zile. Hezron alimkanyaga chini ya dawati. "Nyamaza wewe," alinong'ona. "Utavuliwa uongozi."

Sabiha akasimama.

"Madam, Gati haumwi. Mimi ndiye nilimwambia asije. Nilisema atashusha wastani, ukose posho."

Darasa zima liligeuka kumtazama. Madam Nyangi hakupaza sauti. Alimtazama tu, na macho yale yaliuma kuliko kofi.

"Nenda kamlete. Na wewe Hezron, naona miguu yako ina kazi nyingi leo. Mfuate."

Walikimbia mpaka ufukweni. Gati alikuwa amechutama kando ya nyavu zilizoanikwa dagaa, ameshika fimbo ya kufukuzia ndege. Shangazi yake aliinuka, mikono kiunoni.

"Nyie si mlisema leo hamsomi?"

"Shikamoo, shangazi. Tulidanganya. Mimi ndiye nilidanganya."

"Marahaba. Ndiyo maana! Tangu asubuhi mtoto huyu anawasomea ndege magunia yangu. Kila gunia lenye maandishi, analisoma kwa sauti."

"Siendi," alisema Gati. "Nitamharibia madam."

"Nilikosea. Madam mwenyewe ametutuma."

"Na wakinicheka?"

"Mimi sitakucheka."

"Wewe ndiyo ulikuwaga unaanza."

Sabiha akachutama karibu naye. "Kweli," alisema. "Nilikuwa naanza mimi. Nisamehe."

Gati alimtazama, kisha akamkabidhi shangazi fimbo. "Nanawa miguu kwanza," alisema.

Walifika shuleni saa saba kasoro dakika chache. Gati aliketi mbele ya Luhende, akiwa bado ananukia dagaa, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Alisoma polepole. Alikwama, akarudi nyuma, akasonga. Darasani hakuna aliyecheka. Aya ilipoisha, akajaribu hadithi iliyofuata, ikamshinda katikati.

Luhende alifunua karatasi za mwezi wa kwanza. "Huyu alianzia kwenye herufi," alimwambia Madam Nyangi. "Leo amepita maneno, amepita aya. Ngazi mbili. Sijaona aliyepanda zaidi yake darasani humu."

"Lakini wastani je?" Sabiha aliuliza kutoka mlangoni.

"Hatulipi kwa wastani, binti. Mwalimu analipwa kwa ngazi ambazo kila mtoto amepanda tangu mwanzo wa mwaka."

"Na mimi nimepanda ngapi?"

Luhende akatafuta jina lake. "Wewe ulikuwa juu tangu mwanzo. Uko palepale."

Hezron alijikaza asicheke, akashindwa.

Wageni walipoondoka, Madam Nyangi aliwabakiza Sabiha na Hezron.

"Nikisema siitaki posho ile, nitakuwa nawadanganya," alisema. "Naitaka. Bati ni ghali. Tena kuna siku nilijikuta nikiwatazama watoto wanaochelewa kama mzigo, ikabidi nijionye. Kwa hiyo siwashangai sana. Lakini posho hiyo ni ya kufundisha. Hata kama wangelipa kwa wastani, kwa kumficha Gati ningelipwa kwa kazi ambayo sikuifanya, na yeye angebaki anaamini kwamba hafai kuonekana. Ukitaka kunisaidia, kaa na anayechelewa umsomeshe. Ukimficha, hujanisaidia mimi wala yeye. Mmenielewa?"

"Ndiyo, madam."

"Vizuri. Sabiha, kuanzia wiki ijayo utabaki nasi jioni, usome na Gati mpaka amalize ile hadithi. Na Jumatatu utalieleza darasa ulichofanya."

"Nieleze yote, madam?"

"Yote. Na uanze na jina lako, si la Hezron."