Mwache Fundi Viatu Alale

Fundi viatu aliitazama soli, akakitazama kiatu, asijue kipi kimekosea. Gundi alipaka. Misumari aligonga. Mbona mteja anacheka?

"Fundi, kiatu hiki kinanipeleka kazini au kinanirudisha nyumbani?"

Soli ya kushoto ilikuwa imekaa kwenye kiatu cha kulia. Mkewe alikichukua, akamwomba mteja awape muda.

Tangu apate kiharusi, mkono wa kulia wa fundi ulikuwa kama wa kuazima. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kufumba ngumi na kuokota misumari midogo. Alichokiweza leo, kesho kilikuwa kimeyeyuka. Maneno nayo yalimchezea. Akitaka nyundo alisema uzi, na mkewe akazoea kumpa nyundo bila kumsahihisha. Kichwa kilikuwa ukungu mtupu. Akaanza kuogopa kwamba ufundi umemwacha, na kazi nyingine hakuijua.

Mkewe naye alikuwa na hofu yake. Kiharusi kilimkuta mumewe usingizini. Alilala mzima, akaamka upande mmoja umekufa ganzi. Tangu hapo mama huyo aliuona usingizi kama mwizi. Kila mumewe alipozama usingizini, alimtikisa.

"Baba watoto, upo?"

"Nipo."

Akizama tena, alitikiswa tena. Mchana akisinzia kitini, aliwekewa misumari aokote.

Mtaalamu alipokuja kumwona, aliuliza kama mgonjwa analala vizuri. Mke akajibu kwa fahari kwamba hampi nafasi hiyo.

Mtaalamu akavuta kiti, akakaa.

"Dada, kiharusi kimekata njia ndani ya ubongo. Sehemu zilizozoea kupashana habari hazisikilizani tena. Mazoezi yanausaidia ubongo kutafuta njia nyingine. Akilala fofofo, ubongo unayapitia aliyojifunza na kuyakaza. Ukimwamsha, unaukatiza kazini."

Akaeleza kwamba wataalamu bado wanachunguza mambo hayo, na kwamba usingizi peke yake hautoshi. Vidonge na mazoezi viendelee. Akikoroma hadi pumzi ikatike, waseme kliniki. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea zaidi, maneno yakivurugika ghafla au akiamshwa asiamke, wamkimbize hospitali bila kungoja kupambazuke.

Mke hakuridhika. "Nikimwacha, halafu asiamke?"

Fundi alitaka kusema jambo. Neno likamkimbia. Akanyoosha kidole kwenye kopo la gundi.

"Ile... ukishabandika. Unabandua kila saa... uone?"

"Gundi? Hapana. Naweka jiwe juu, naacha ishike."

"Basi niache."

Mke akainamisha kichwa. Usiku ule alijilaza kando yake, mikono kaibana kwapani isimponyoke. Alimsikiliza akipumua, akamwacha.

Ukungu haukuondoka kwa siku moja. Zipo siku fundi alivaa shati nje ndani akabisha kwamba limeshonwa hivyo. Ila misumari aliyoiokota jana, leo aliiokota haraka zaidi. Wiki zikapita. Akakitia soli upya kile kiatu cha mteja, safari hii soli ya kulia.

"Nipe uzi," akasema.

Mkewe, macho mekundu kwa kukesha, akampa nyundo.

Fundi akaitazama nyundo, akamtazama mkewe.

"Nimesema uzi, mama watoto. Sasa nenda nawe ukalale."