Korongo Aliyelia Juu ya Bungoma

Rafiki yangu Kimeli ni rubani wa ndege ndogo, na ana mwiko mmoja: haruki kabla hajamulika tochi ndani ya injini, maana kiota kimoja tu chatosha kuua watu. Asubuhi ile pale Kitale alimulika, akaona pako safi. Akapakia maua ya mashamba ya Endebess, akaelekea Kisumu.

Alipofika juu ya Bungoma, korongo alimtokea mbele, shingo ameinyoosha, anapiga mabawa na kulia. Kimeli aliusikia mlio ule kupita ngurumo ya injini. Kisha, puu! Akaingia injinini. Uvundo ukajaa mle ndani hadi ukameza harufu ya maua. Akageuza ndege, akarudi Kitale huku akitapikia leso.

Wakoli, fundi wake, alifungua kifuniko cha injini akarukia nyuma.

"Aii, Kapteni! Hii uchafu umebeba tangu lini?"

"Ni korongo, nimemgonga sasa hivi. Hata nusu saa haijaisha."

"Wacha, bana! Si asubuhi tuliangalia pamoja?"

Kimeli alibana pua, akamulika lile giza. Nyama ilikuwa imegeuka kijani, inateleza, inachuruzika usaha, kama mzoga wa wiki nzima. Mle ndani mlisikika kitu kikitafuna polepole. Akasogeza tochi hadi kwenye kichwa. Mahali pa macho palikuwa na funza wanene, wanagaagaa. Lakini shingo ilikuwa bado imenyooka, na mdomo uko wazi, vilevile alivyomwona akilia.