Salamu kwa Sina Makuu

Siku za Jumamosi kwetu Pasiansi, kando ya ziwa, kazi zote zilitakiwa ziishe kabla ya saa kumi jioni. Nilichota maji, nikafua sare za shule, nikamsaidia mama kuchambua maharage. Saa tisa na nusu nilichukua daftari na kalamu, nikaenda kwenye kibanda cha Mzee Chenge, fundi redio. Saa kumi kamili kipindi cha salamu kilianza, na hapo hata kama kuna chungu jikoni kinaungua, kiungue.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Redio za watu binafsi zilikuwa bado kitu kipya, na simu ya nyumbani ilikuwa ya wakubwa. Mtu akitaka kumsalimu ndugu yake aliye mbali, alinunua kadi ya salamu. Aliandika majina ya anaowasalimu, chini akaweka ujumbe wake, akaipeleka redioni ili mtangazaji aisome. Wapenzi wa salamu walijiunga katika klabu, na kila mmoja alijipachika jina la kutisha. Mwenyekiti wa klabu yetu, Mzee Chenge, alijiita Simba wa Ziwa. Ukimwona amekaa na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, huyo simba usingemwogopa hata kidogo.

Mimi nilikuwa darasa la sita, lakini klabu ilinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Kila Jumatano wanachama waliniletea vikaratasi vyao, nami nikavinakili vizuri kwenye kadi. Kadi zenyewe, kumi kwa wiki, tulipewa bure na Bwana Gidion, wakala wa sabuni iliyokuwa ikitengenezwa Nyakato. Sharti lake lilikuwa moja tu, kila ujumbe umalizie kwa kuitaja sabuni yake. Basi Simba wa Ziwa alisalimia mikoa mitatu, akawaasa vijana wapende kazi, halafu akawakumbusha wafue kwa sabuni ile.

Nilikubali kazi hiyo kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa na hamu na baba.

Baba yangu, Nkwabi, alikuwa ameondoka miezi minane iliyopita kwenda kuvua visiwani. Alileta barua moja tu, akasema amehama chombo, sasa yuko na wenzake wengine, tusiwe na wasiwasi. Hakusema chombo gani wala kisiwa gani. Viatu vyake vya mvua vilibaki nyuma ya mlango. Kuna siku niliporudi kutoka shule nilivivaa, nikatembea navyo chumbani mama asinione. Upepo ukivuma kutoka ziwani nilijiuliza kama huko aliko anaupata huohuo. Nilimtaka arudi, na kama harudi, basi nimsikie, na kama simsikii, basi yeye anisikie mimi.

Lakini kadi zilikuwa kumi na wanachama kumi. Mtoto hakuwa na kadi.

Kadi ya kumi, ya mwisho kabisa, ilikuwa ya Mama Adongo. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mara, mkaanga dagaa, mpole, asiyezungumza sana. Akizungumza, Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, na wanachama wengine walimwiga wakicheka. Hakuwa na jina la kutisha. Alijiandika Adongo wa Pasiansi, basi. Na salamu zake zilikuwa za ajabu, kwa sababu hazikuwa na jina la mtu hata mmoja. Aliandika hivi: "Salamu kwa wote walio ndani ya Usinicheke. Wote walio ndani ya Subira Yangu. Wote walio ndani ya Sina Makuu. Ujumbe: hapa Pasiansi hatuna msiba wiki hii. Jumanne mvua ilinyesha. Mahindi yameota." Halafu akaitaja ile sabuni.

"Huyu mama anasalimia mbao za mitumbwi," Mzee Chenge alisema siku moja, na klabu nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Kadi yake ilisomwa mwisho, wakati watu wamekwisha kusimama na kukung'uta nguo.

Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka moto. Nani angejali kama mbao hazikusalimiwa? Jumatano ile nilikunja kikaratasi cha Mama Adongo, nikakitia ndani ya daftari. Kwenye kadi yake niliandika: "Kija Nkwabi, darasa la sita, Pasiansi, anamsalimu baba yake Nkwabi popote alipo visiwani. Ujumbe: baba rudi." Mama Adongo aliponiuliza kama nimeipeleka, nilimwambia, "Ndiyo mama, nimeipeleka." Uongo ule ulitoka laini, wala sikukwama.

Jumamosi hiyo kadi yangu haikusomwa. Nikafanya vilevile wiki ya pili, na ya tatu, kimya. Baadaye sana niliambiwa kwamba kadi za watoto zilikuwa na kipindi chao cha Jumapili asubuhi, saa ambayo sisi tuko kanisani na wavuvi waliokesha ziwani wamelala fofofo. Kwa hiyo nilikuwa nimeiba bure.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kutoka shule nikamkuta mgeni ameketi kwenye kigoda chetu, mvuvi mmoja jina lake Okomo. Alikuwa amemletea mama fungu la samaki wakavu.

"Shemeji, Nkwabi ni mzima wa afya," alisema. "Ila moyo wake hauko sawa."

"Ana nini?" mama aliuliza, akaacha kupepeta mchele.

"Sisi kule tuna redio moja. Betri tunachangishana. Kila Jumamosi, hata kama kuna nyavu za kushona, tunakaa tunamsubiri Adongo wa Pasiansi. Yeye hutaja vyombo, na chombo chetu haachi kukitaja. Akishasema Sina Makuu, akasema Pasiansi hakuna msiba, mahindi yameota, basi Nkwabi anapiga mluzi mpaka usiku. Sasa Jumamosi tatu hatajwi mtu. Nkwabi anasema nyumbani wametusahau, hata wa kututaja hakuna."

Mama alitaka kusema neno, Okomo akaendelea. "Mwenye chombo anataka kukihamishia upande wa Uganda. Wenzetu wote wamekubali, Nkwabi peke yake alikuwa anakataa. Juzi amesema, Jumamosi hii ikipita kimya tena, naye anakwenda. Na mtu akishakwenda kule, shemeji, wewe unajua. Miaka inapita."

"Basi mpelekee habari kwamba tupo, tunamsubiri."

"Natamani, lakini mimi naelekea Musoma kwenye mazishi. Na chombo cha kwenda kisiwani kwetu hakipo mpaka Jumatatu ijayo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wa shule mgongoni. Ndani ya mkoba kulikuwa na daftari, na ndani ya daftari vikaratasi vitatu, na kila kimoja kilikuwa na jina la chombo cha baba yangu. Nilikuwa nimemnyamazisha mtu pekee aliyekuwa akizungumza na baba.

Sikumwambia mama kwanza. Nilikimbia kwa Mama Adongo. Alikuwa mbele ya karai lake, akigeuza dagaa kwa mwiko mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Nilitoa vile vikaratasi nikampa kwa mikono miwili. Nilimweleza yote, tangu wazo la kwanza mpaka maneno ya Okomo, nikilia. Alivitazama kimoja kimoja. Aliepua karai, akakaa chini.

"Nilidhani muda wa kipindi unaisha kabla hawajanifikia," alisema. "Nikawa nawaonea huruma wale watu."

"Nisamehe mama. Niliona unasalimia mbao tu."

"Sikiliza. Mume wangu aliingia ziwani nikiwa bado msichana. Upepo ulipochafuka nilikwenda mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa. Wakaniuliza, mume wako yuko chombo gani, tukiulizie. Sikujua. Niliwapa jina lake, urefu wake, rangi ya shati lake. Nani atamtafuta mtu kwa shati ziwani? Hakurudi, na chombo chake sikukijua mpaka leo." Alisogeza kuni pembeni. "Tangu hapo nikienda mwaloni Kirumba kununua dagaa, nauliza majina ya vyombo. Wavuvi wanahamahama, jina la mtu linapotea. Chombo kikitajwa, wote waliomo wametajwa, hata yule asiye na ndugu."

Nilishindwa kumtazama usoni. Alinipangusa machozi kwa ncha ya khanga yake iliyonukia dagaa, akaniambia, "Wewe ulikuwa na kiu ya baba yako. Kiu hiyo naijua. Lakini uliyatupa maji ya wengine. Jumatano tutakwenda wote kibandani, na wewe ndiwe utakayesema."

Jumatano nilisema. Nilisimama mbele ya klabu nzima, na Bwana Gidion alikuwepo, na mama yangu pia, kwa maana nilikwisha kumwambia usiku ule na hakunipiga. Nilikiri. Kisha nikamgeukia Mzee Chenge. Kadi ya mwisho ingeweza kuachwa muda ukiisha, na kadi ya kwanza siku zote ilikuwa ya Simba wa Ziwa.

"Mwenyekiti, naomba wiki hii kadi ya Mama Adongo iwe ya kwanza."

Bwana Gidion alikohoa. "Mimi nawapa kadi ili majina makubwa yasikike, sabuni iuzike. Mtumbwi haufui nguo."

"Wavuvi hawavai nguo?" mama yangu alimuuliza taratibu. Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

Mzee Chenge alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa majivuno, nisimsingizie, lakini hakuwa na roho mbaya. "Mama Adongo," alisema, "miaka miwili uko klabuni, na sikuwahi kukuuliza kwa nini unasalimia vyombo. Nilijua kucheka tu." Alichukua kadi yake ya juu, akaiweka chini kabisa. "Katibu, andika. Andika vizuri."

Niliandika. Mama Adongo alinitamkia neno kwa neno, na mwisho aliniruhusu niongeze sentensi moja yangu.

Jumamosi kibanda kilijaa mpaka nje. Kipindi kilikuwa cha nusu saa. Mtangazaji alianza na klabu ya Sengerema, akaja ya Bunda, akapiga wimbo mrefu usioisha. Niliona mshale wa saa ya Mzee Chenge ukisogea, nikamshika mama mkono. Zikiwa zimebaki dakika nne, tukasikia: "Sasa tuko Pasiansi. Huyu ni Adongo, tulimkosa kidogo hapa kati. Anawasalimu wote walio ndani ya Usinicheke. Wote walio ndani ya Subira Yangu. Wote walio ndani ya Sina Makuu. Ujumbe wake: tulikaa kimya kwa kosa letu, hatukuwasahau. Hapa wote wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Nkwabi, Kija ana hamu na wewe."

Muda ukaisha hapo, kabla hata sabuni haijatajwa. Simba wa Ziwa hakusomwa, na hakulalamika.

Zikaja siku za kungoja. Hatukujua kama betri zao zilikuwa nzima, kama walikuwa ufukweni au majini. Usiku nilihesabu mambo yote yaliyoweza kwenda vibaya. Jumamosi ya pili kibandani, mtangazaji akiwa katikati ya salamu, nilisikia mluzi nje. Nilijua ule mluzi. Niliruka watu waliokaa chini, nikamkumbatia baba, ananuka moshi na samaki, amekonda, ndevu zimemjaa. Alirudia tu, "Nimekuja mama, nimekuja." Nyumbani kwetu baba humwita binti yake mama.

Begani alikuwa amebeba sangara mkubwa. Aliwaamkia wazee, kisha akauliza, "Adongo wa Pasiansi ni nani hapa?"

Mzee Chenge alisimama kumpokea mgeni. "Karibu sana. Mimi ndiye mwenyekiti, Simba wa Ziwa."

Baba alimtazama kwa heshima. "Samahani mzee wangu. Jina hilo kule kwetu hatulijui. Tunamjua Adongo."

Watu waliangua kicheko, na Mzee Chenge mwenyewe akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mama Adongo alikuwa amejibanza nyuma, anatazama chini. Baba alimwendea akamwekea yule samaki miguuni. "Huyu ni kutoka kwa watu sita," alisema. "Wamenituma niseme ahsante. Tulipokusikia, sote tumekataa kwenda Uganda." Halafu akamgeukia Bwana Gidion. "Na ile sabuni anayoitaja, wameniagiza katoni mbili." Bwana Gidion alitafuta kalamu haraka, na tangu siku hiyo hakulizungumzia tena suala la mtumbwi kufua.

Tulipokuwa njiani kwenda nyumbani nilimweleza baba kosa langu, kwa sababu nilitaka alisikie kutoka kwangu.

"Kija," alisema, "mtu msiyemwona kitu hapa, huenda kuna watu mahali wanamsubiri wiki nzima. Usipime neno la mtu kwa ukubwa wa jina lake. Na ukikabidhiwa neno la mtu ulifikishe, lifikishe kama lilivyo, hata kama hujui linamfaa nani. Safari hii lilikuwa linakufaa wewe mwenyewe."

Alikaa nasi wiki tatu, kisha akarudi ziwani. Nilimsindikiza mpaka mwaloni, nikalia tena, maana hamu haizoeleki. Lakini chombo kilipogeuka kushika njia, nilisogea mpaka maji yakanifika magotini, nikasoma maandishi meupe ubavuni, herufi moja moja, mpaka yakawa madogo nisiweze kuyaona.

Jumatano iliyofuata niliandika kadi ya Mama Adongo kabla ya zote.