Vifuniko Viko Wazi

Risasi ya kwanza iling'oa kioo cha pembeni cha Ford.

Delfina Urrutia hakugeuka. Alikanyaga mafuta.

Nyuma yake pikapu nyeusi ya Ram ilitimua vumbi la Texas magharibi. Ndani yake alikuwamo mtu ambaye Delfina alikuwa akimwinda tangu Machi: Clayburn Stroud, mwenye visima, mwenye matangi, mwenye cheti kipya ukutani kinachosema kampuni yake imepunguza hewa chafu kwa nusu.

Nusu! Uongo mtupu.

Simu iliita. Lyle Pettibone, mkuu wake katika idara ya upelelezi wa gesi, alikuwa mjini Midland chini ya kiyoyozi.

"Uko wapi, Delfina?"

"Natembea tembea."

"Usisogelee matangi. Shangazi si ulisema anakuja saa kumi? Msubiri."

"Sawa, mkuu."

Akakata. Akatukana tusi ambalo mama yake asingependa kulisikia.

Shangazi ni setilaiti. Ikipita juu, inaona gesi inayovuja ambayo jicho la mtu halioni. Ratiba yake ni siri ya idara, lakini kila ilipopita ilikuta matangi ya Stroud yamefungwa vizuri, kama nyumba inayongoja wakwe. Ikishaenda, vifuniko vinafunguliwa, gesi inamwagwa angani na pampu zinaendelea. Mtu ndani ya idara alikuwa akimuuzia Stroud saa za kupita kwake.

Ndiyo maana Delfina alimwambia Pettibone, yeye peke yake, kwamba leo shangazi atapita saa kumi.

Shangazi alikuwa anapita saa nane.

Saa nane ilikuwa imekaribia, na muda mfupi uliopita, akiwa juu ya kilima na kamera yake ya FLIR inayoonyesha gesi, Delfina alikuwa ameviona vifuniko vyote viko wazi. Walinzi nao walikuwa wamemwona yeye.

Basi ni wewe, Lyle. Mshenzi mkubwa.

Kaka yake, Eusebio, alikuwa mpima mafuta kwenye matangi hayo. Aliomba gasketi mpya za kuzibia vifuniko na bomba la kukusanya gesi. Gesi hiyo hiyo, alimwambia Stroud, ingeendesha pampu zote, na kampuni isingeunguza tena dizeli ya kununua. Stroud alimcheka mbele ya wenzake. Mwezi wa Machi Eusebio alipanda tanki kupima, gesi ikamwangusha, akafa. Kampuni ikatangaza kwamba alikuwa amelewa.

Eusebio hakuwahi kuonja hata bia.

Na leo saa tisa Stroud alikuwa anatia saini kuuza kampuni kwa wanunuzi wa Rotterdam, waliokuwa njiani kuja. Akishauza, kampuni inabadilishwa jina, yeye anaondoka Texas, na kesi ya Eusebio inazikwa.

Delfina alikata kona kali, akaingia bondeni katikati ya matangi, akafunga breki na kuzima injini. Akavaa barakoa ya gesi. Akashuka na kamera mkononi.

Ram ikasimama mbele yake.

"Zima gari, Orrin!" Delfina alipaza sauti kumwambia mlinzi aliyekuwa usukani. "Zima kabla hatujaungua!"

Orrin alizima, akaruka chini na AR-15 yake. Stroud akashuka upande wa pili akirekebisha kofia.

"Umepotea, mrembo?" alisema Stroud. "Orrin, mmalize."

"Piga," Delfina alimwambia Orrin. "Ila kwanza chungulia hapa."

Akamgeuzia kioo cha kamera, lenzi ikiwa bado inamtazama yeye Orrin.

Orrin akaona. Kwenye kioo gesi ilikuwa moshi mweusi ukifoka kutoka kila kifuniko, ukiteremka ubavuni mwa matangi, ukijaa bondeni. Akaviona viatu vyake humo. Akaliona tumbo lake humo.

"Cheche moja tu," Delfina alisema. "Mama yako atazika mkanda wako tu."

"Bosi..."

"Sinema hiyo!" Stroud alifoka. "Tulipofika palinuka mayai viza. Sasa hapanuki. Upepo umeshaichukua."

"Hapanuki kabisa?"

"Kabisa!"

"Mzee, gesi haijaenda popote. Pua yako ndiyo imekufa; gesi hii huanza na pua, kisha mtu."

Orrin aliilaza bunduki chini taratibu, kisha akatoka mbio kupanda mlima. Hakuaga.

Stroud alitaka kumfuata. Miguu ikakataa. Akapiga magoti, macho yakimtoka machozi.

"Nipe barakoa."

"Ninayo moja ya akiba."

"Nipe basi!"

Delfina alimnyooshea redio ya Motorola, ile isiyotoa cheche, iliyowekwa kwenye mawimbi ya wafanyakazi wa Stroud. "Kwanza toa amri."

"Amri gani?"

"Unaijua."

Stroud akaikumbatia redio. "Fungeni vifuniko! Vyote! Simamisheni pampu!"

Redio ikakoroma. "Vyote, bosi? Sasa hivi? Si ulisema Pettibone kakwambia shangazi anakuja saa kumi?"

Mwendesha mashtaka, ambaye Delfina alikuwa amemwomba asikilize mawimbi hayo kutoka Midland, hakuhitaji kurudiwa. Na juu kabisa, shangazi alikuwa anapita, vifuniko vikiwa bado wazi.

"Barakoa," Stroud alikoroma.

Delfina aliishika. Vidole havikutaka kuiachia. Alimtazama akihangaika, na alifurahi, alifurahi sana, akatamani Eusebio angekuwepo kuona.

Kisha akambandika barakoa usoni, akamkamata ukosi, akamburuta hadi juu kwenye upepo.

Simu iliita tena.

"Delfina? Kuna nini huko?"

"Usitoke ofisini, Lyle. Una wageni."

Polisi walipofika, magari ya wanunuzi wa Rotterdam yalikuwa yameshageuza njiani. Stroud alilazwa kwenye machela, mpira wa oksijeni puani, pingu mkononi.

Delfina alimpigia mama yake.

"Wamevifunga?" mama aliuliza.

"Vyote, mama."

"Na yeye?"

"Yu hai."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka azeeke. Azeekee jela, na kila akifumba macho anione mimi."

"Haya, mwanangu. Njoo ule."

Delfina alivaa Ray-Ban zake, akapita kando ya machela bila kuitupia jicho, akaingia kwenye Ford. Alikuwa na njaa ya miezi.