Plagi za Ziwani

Kila alfajiri Modesta hushuka Mwaloni, Kirumba, kununua sato. Mumewe Luhaga huwapakia samaki kwenye kirikuu yao, ile pikapu ndogo ya petroli. Suzana na Rebeka, wachuuzi wenzake, hupakia mizigo yao humo humo. Kisha gari hupanda vilima vya Ilemela hadi sokoni kabla jua halijawa kali.

Wiki hii gari liligoma. Lilitetemeka, likakohoa, likazimika katikati ya kilima. Luhaga aliliwasha. Likasogea kidogo, likazimika tena. Barafu ya samaki ikayeyuka na maji yakachuruzika barabarani.

Suzana alimwinua sato mmoja, akamnusa, akamrudisha kwenye ndoo.

"Juzi hivi, leo hivi," alisema. "Modesta, tunaheshimiana. Lakini Jumamosi ikitokea tena, mimi na Rebeka tunatafuta gari lingine."

Modesta alijua hesabu. Bila mizigo ya wenzake, safari hazilipi.

"Baba Winnie, uliniambia umelitengeneza gari," Modesta alianza walipofika nyumbani.

"Nimelitengeneza. Nimeweka plagi nyingine."

"Za wapi?"

"Za shemeji Machibya."

Machibya ni mdogo wake Modesta. Anaendesha boti ya mizigo kwenda kisiwa cha Kome.

"Plagi za ziwani zina nguvu," Luhaga aliendelea. "Mashine inavuka mawimbi yale mpaka Kome, ishindwe na kilima cha Ilemela? Tena ziliingia vizuri tu. Na shemeji ananipa zawadi kwa mikono miwili, nimkatalie?"

Kumheshimu shemeji ni jambo jema. Lakini injini haina shemeji.

Modesta alitoka kwa hasira, akaenda kugonga kwa jirani yao, Josepha. Mama huyu wa Bukoba anafundisha ufundi wa magari chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Njoo uone mume wangu alichonifanyia."

"Marahaba. Twende."

Josepha alisubiri injini ipoe, kisha akafungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Aliigeuza mkononi, na uso wake ukabadilika.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, Mwalimu," Luhaga alisema.

"Wewe unalipenda gari lako kweli?" Alitoa plagi ya gari kwenye mkoba wake wa vifaa, akaziweka mbili hizo pamoja. "Tazama. Plagi hutoa cheche, na cheche huwasha petroli. Hizi zina unene mmoja, ndiyo maana ya boti iliingia. Lakini sehemu yake ya kufungia ni fupi. Ncha haifiki ndani. Cheche inawaka shimoni, petroli inaungua nusu, na masizi yanajaa."

"Ndiyo maana linakula mafuta," Modesta alisema.

"Ndiyo maana. Tena plagi hii imeundwa kupoa haraka, kwa sababu mashine ya boti hukimbia kwa nguvu muda mrefu. Kwenye gari lenu haipati joto la kuchoma masizi yake. Kila injini na plagi yake." Akamgeukia Luhaga. "Zile zako za zamani ziko wapi?"

Luhaga alitazama chini. "Tulibadilishana. Shemeji kaziweka akiba kwenye boti."

Josepha aliweka spana chini taratibu.

"Zile ni ndefu. Akizifunga kwenye mashine yake, pistoni inayopanda na kushuka ndani itazigonga. Mashine itavunjika. Na akiba ya boti hutumika wapi? Katikati ya maji."

Modesta alimpigia simu mdogo wake. Machibya alipokea, upepo ukivuma.

"Dada, niko majini, nakaribia kurudi."

"Usiguse plagi za Luhaga. Hata mashine ikizima, usizifunge. Piga kasia."

"Kwani kuna nini?"

"Ukifika utaelezwa. Na utaelezwa vibaya."

Kesho yake Modesta mwenyewe alikwenda duka la spea na mumewe. Josepha alikuwa amewaonyesha namba ya plagi kwenye kitabu cha gari. Aliwaambia kwamba kama kitabu kimepotea, muuzaji makini hutafuta namba hiyo kwa aina ya injini. Lakini muuzaji huyu hakuangalia namba. Aliwaletea plagi za bei ya juu.

"Chukueni hizi, gari litaruka."

"Sitaki liruke," Modesta alisema. "Nataka lipande. Nipe namba hii."

Jioni Luhaga alibadilisha plagi zote tatu, Josepha akiwa amesimama karibu. Alianza kuzifunga kwa vidole ili zisiharibu uzi, ile mizunguko ya kufungia, kisha akakaza kwa spana, bila kulazimisha. Alipowasha, gari liliunguruma bila kutetemeka. Luhaga alicheka peke yake. Mkewe bado alikuwa amekasirika.

Jumamosi walipanda na mzigo kamili. Walipofika pale gari lilipozimikia siku ile, Suzana alishika ukingo wa bodi na kufumba macho. Alipoyafumbua, walikuwa juu, na barafu ilikuwa nzima.

"Jumatatu msiniache," alisema.

Mchana Machibya alifika nyumbani na kifurushi kidogo. Ndani zilikuwemo plagi za zamani za gari. Alimpa dada yake bila kumtazama usoni.

"Juzi mashine ilizima karibu na Kome," alisema. "Spana ilikuwa tayari mkononi uliponipigia."

Modesta alikaa chini. Maneno makali yote aliyomwandalia aliyaacha. Alizifunga tena zile plagi ndani ya karatasi.

"Mdogo wangu," alisema, "siku nyingine ukitaka kumpa shemeji yako zawadi, lete samaki."