Mikanda Ipo, Kompyuta Yasema Haipo

Duka lao liliuza vipuri vya cherehani. Mume alikaa kwenye kompyuta, mke alipanga mali stoo. Makasha ya stoo yalifanana yote, yalitofautiana namba tu. Ukitaka kitu, unaiuliza kompyuta kiko kasha gani.

Asubuhi hiyo jirani yao, mkutubi wa shule, alikuja kununua mkanda wa cherehani. Mume aliandika "mkanda". Kompyuta ikajibu: Hakuna.

"Mikanda imeisha, jirani."

"Haijaisha!" mke aliita kutoka stoo. "Juzi niliifunga kwa uzi mwekundu, nikaiandika kwenye kompyuta mwenyewe."

"Kompyuta inasema hakuna."

"Mimi nasema ipo."

"Mke wangu, juzi ulisema taa za cherehani zipo, hatukuziona. Una uhakika unakumbuka vizuri?"

Swali hilo lilimchoma. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo. Kwanza alisahau funguo, halafu akasahau majina ya watoto wake. Mke alifungua kasha moja, akakuta sindano. Akafungua la pili, mafuta. Mara akawa hajui hata ameanzia wapi. Aliogopa sana.

"Labda ni mimi," alisema. "Labda kichwa kimeanza kuniacha."

Mkutubi aliweka mkoba mezani. "Ngoja kwanza, dada. Uliiandikaje hiyo mikanda?"

"Kwenye jina niliweka namba ya kiwandani. Chini, kwenye maelezo, nikaandika 'mkanda wa cherehani'."

"Na wewe shemeji unatafuta 'mkanda'?"

"Sasa nitafute nini? Nani anakumbuka namba ya kiwandani?"

Mkutubi akacheka. "Mnaijua faharasa? Ile orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, inayokuonyesha neno liko ukurasa gani. Kompyuta nayo ina ya kwake. Ukitafuta neno, haipekui mali yote, inachungulia faharasa tu. Neno lisipokuwemo, inasema hakuna, hata kama stoo imejaa hadi darini."

Mume alikuna kichwa. "Kwa hiyo inatudanganya?"

"Hapana. Haijaambiwa iingize maelezo kwenye faharasa."

"Lakini maelezo yamo humohumo ndani!"

"Yamo. Hata kitabu kina maneno mengi ambayo hayamo kwenye faharasa yake."

Mume alikuwa bado hajaelewa, wala hakujifanya ameelewa. Mke alitoka stoo, wote wakafungua mipangilio ya kompyuta, wakaikuta sehemu ya faharasa. Jina tu ndilo lililokuwa na alama ya vema. Mke aliweka alama kwenye maelezo pia.

"Sasa bonyeza 'Jenga upya'," mkutubi alisema. "Usipobonyeza, itaendelea kutumia faharasa ya zamani."

Wakasubiri. Mume akaandika tena "mkanda". Ikatokea: kasha la kumi na nne. Akaandika "taa". Kasha la tisa.

Mume alishusha macho. "Nisamehe, mke wangu. Niliiamini mashine kuliko wewe."

Mke alikwenda stoo. Alilifungua kasha la kumi na nne. Mikanda ilikuwa humo, yote.

"Dada, umeipata?" mkutubi aliuliza.

Mume alimfuata, akamkuta ameketi sakafuni, amekumbatia mikanda, machozi yanamtiririka huku anacheka.

"Uzi mwekundu," alisema. "Si niliwaambia? Uzi mwekundu!"